Mobutu: Mashariki ina hesabu yake

Kila tarehe 24 Novemba inapofika, siku ambayo Mobutu alichukua madaraka mwaka 1965, picha zake zinarudi kwenye simu za wakaaji wa Goma, Bukavu, Butembo na Uvira. Kofia ya ngozi ya chui, fimbo mkononi, koti la abacost. Chini ya picha maneno ni yaleyale: wakati wa mzee hakuna aliyethubutu kuvuka mpaka, pesa ilikuwa na nguvu, Mzairwa aliheshimiwa kila mahali. Wengi kati ya wanaoandika hivyo walizaliwa baada ya tarehe 17 Mei 1997, siku ambayo AFDL iliingia Kinshasa. Hawakumjua Mobutu. Wanajua kilichofuata baada yake, na ndicho wanachotumia kumpima.

Kwa kipimo hicho, ni nani asingeshinda? Mtu aliyekimbia nyumba yake mara tatu au nne, anayelala chini ya turubai, ana haki ya kutamani miaka ambayo baba yake alilima shamba na kuvuna. Lakini utamu wa zamani ni jambo moja, na hukumu ya historia ni jambo lingine.

Kuna mema ambayo hata adui zake hawawezi kumnyima. Alipokea inchi iliyokuwa imepasuka vipande: Katanga, Kasai ya Kusini, waasi wa Simba. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliteka Bukavu na kuikalia kwa miezi, kuanzia Agosti hadi Novemba, kisha jeshi la taifa likawafukuza. Mkongomani kujisikia mtu wa inchi moja na mwenzake aliye umbali wa kilomita elfu mbili ni jambo lililokomaa wakati wake. Pesa pia: zaire moja ilipozaliwa mwaka 1967 ilikuwa na thamani ya dola mbili. Wanaoisifu wamalizie hadithi. Mwanzoni mwa 1993 utawala huohuo ulileta noti ya zaire milioni tano, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa nayo wakaingia mitaani kupora. Ilikuwa mara ya pili; ya kwanza ilikuwa Septemba 1991.

Na lile neno la mpaka kutovukwa? Uvira, Bukavu na Goma zilianguka kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba 1996. Raisi alikuwa Mobutu. Yeye alikuwa Ulaya akitibiwa, na alirudi Kinshasa tarehe 17 Desemba. Hapa Kivu askari wake wengi walikimbia huku wakipora wakaaji. Aliyebaki Bukavu kuwatuliza watu ni Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, naye aliuawa tarehe 29 Oktoba. Vita ambayo watu wanasema ilikuja baada ya Mobutu ilianza yeye akiwa bado kwenye kiti.

Basi hesabu ya Mashariki inapaswa kufunguliwa kwa kurasa ambazo hazionekani kwenye picha. Ya kwanza ni ya uraia. Tarehe 5 Januari 1972, wakati Barthélemy Bisengimana alikuwa mkurugenzi wa ofisi ya raisi, sheria ilitoa uraia kwa jumla kwa watu wenye asili ya Rwanda-Urundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Tarehe 29 Juni 1981, Bisengimana akiwa ameshaondoka katika ofisi hiyo, sheria nyingine ilifuta ile ya kwanza na kurudisha kipimo hadi Agosti 1885. Mtu aliyekuwa na karti ya MPR, aliyecheza ngoma za animasio na kufanya salongo kama jirani yake, aliambiwa atafute ushahidi wa babu wa babu yake. Na jirani yake, ambaye mwaka 1972 hakuulizwa neno lolote juu ya nani atakuwa mwanainchi wa kijiji chao, aliendelea kuamini kwamba Kinshasa inaweza kuuza ardhi yake kwa kalamu. Sheria zote mbili zilifuata mahesabu ya wakubwa wa Kinshasa. Zikawaacha watu wa Masisi, Rutshuru na Walikale wakitazamana kwa hofu, kila mmoja akiona yeye ndiye aliyeibiwa.

Halafu ardhi yenyewe. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya serikali. Kuhusu ardhi za vijiji, zile zinazogawiwa na mwami kwa kufuata mila, sheria ilisema amri ya raisi itakuja kuziwekea utaratibu. Novemba mwaka uleule Mobutu alitangaza zairianisasio, na mashamba makubwa ya Wazungu yakagawiwa watu wa karibu na utawala. Mwenye karatasi kutoka mjini alimshinda mkulima aliyezaliwa palepale. Mwezi Machi 1993 mauaji yalianza Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na maelfu ya watu wakafa. Mwaka uliofuata wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache, na kati yao walikuwemo wanajeshi na wanamgambo waliokuwa wametoka kufanya mauaji ya kimbari. Kambi zilikaa karibu na mpaka, wenye silaha wakiwa ndani. Mobutu alipata faida: mataifa ya Magharibi yaliyokuwa yamemtenga yalianza tena kumpigia simu.

Watetezi wake watasema Washington, Paris na Brussels walimshika mkono kwa miaka mingi. Ni kweli. Watasema pia kwamba waliomfuata wamekuwa na karibu miaka 30 ya kurekebisha, na badala yake wameongeza deni. Hiyo pia ni kweli, na kila mmoja wao ana kurasa zake zinazomngoja. Lakini deni la mtoto halilipi deni la baba. Anayesema kwamba Mobutu aliwapa watu amani ajibu kwanza kwa nini amani hiyo haikuweza kudumu hata hadi siku yake ya mwisho madarakani.

Mwili wake uko Rabat tangu Septemba 1997. Jino la Lumumba limerudi na kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022, na habari za kumrudisha Mobutu nazo zinakuja na kupotea. Akirudishwa, ni haki ya familia yake na ya watu wa Gbadolite kumlilia. Huku Masisi wazee watakumbuka jambo dogo zaidi: baada ya sheria ya 1973 alitawala miaka karibu 24, alisaini amri za kila aina, na ile ya ardhi za vijiji hakuisaini.