Namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana: je, inagusa pesa zako kwenye simu?

Oktoba 21, 2024 ilitangazwa kwamba imepatikana namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani. Ina tarakimu 41,024,320. Mtangazaji akiisoma hewani, tarakimu moja kila sekunde, bila kulala wala kuweka muziki, atamaliza baada ya siku 475 hivi.

Kwa aliyesahau somo la shule ya msingi, namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Chukua punje 12 za mahindi. Unaweza kuzipanga mistari 3 yenye punje 4 kila mmoja. Ongeza moja ziwe 13, na hapo mistari iliyo sawa haipatikani tena. Utabaki na mstari mmoja mrefu.

Aliyeipata ni Luke Durant wa San Jose, Marekani, aliyewahi kufanya kazi kampuni ya Nvidia. Alitumia kompyuta nyingi za kukodi kupitia GIMPS, mradi wa watu wa kujitolea ulioanza 1996. Zawadi ni dola 3,000, kwa hiyo utajiri haukuwa lengo.

Namba yenyewe hupatikana hivi: andika 2 mara 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1. Ukifanya hivyo kwa 2 tatu unapata 7, namba tasa. Kwa 2 nne unapata 15, ambayo 3 inaigawanya. Ndiyo maana kila moja lazima ipimwe.

Sasa pesa. Moja ya kufuli zinazolinda siri kwenye intaneti, RSA, ilibuniwa 1977 na hutumia namba tasa mbili za siri. Kuzidisha 101 kwa 103 ni kazi ya dakika moja: 10,403. Lakini mtu akikupa 10,403 tu, akuulize imetoka wapi, utahangaika. Kwenye kufuli halisi kila namba ina tarakimu 300 hivi, na kompyuta za leo zinashindwa kuzirudisha nyuma.

Hivyo namba ya Durant haivunji kufuli wala haiongezi ulinzi. Ni kubwa kupita kiasi, na namba inayojulikana na dunia nzima haiwezi kuwa siri. Matapeli wa huku kwetu nao hawapotezi muda na hesabu. Wanakupigia simu na kukuomba namba ya siri.

Wataalamu wanahofia kitu kingine: kompyuta za kwanta, ambazo zikikomaa zitaweza kuitegua RSA. Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa kufuli mpya zisizotegemea ugumu huo wa namba tasa. Kuzibadilisha kwenye mabenki na mitandao ya simu ni kazi ya miaka.