Ritifaa ya Ng'ang'ange katika Vichujio vya Barua Taka

Mjadala juu ya Kiswahili na kompyuta umetawaliwa kwa muda mrefu na suala la istilahi. Wataalamu wamebishana kama chombo hicho kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi (ubishi ambao wasemaji wenyewe walikwisha kuumaliza madukani), ilhali tahajia, ambayo ndiyo hasa inayoingia ndani ya mashine, haikupewa uzito unaostahili. Kichujio cha barua taka kinadhihirisha hasara ya upungufu huo.

Aghalabu kichujio cha barua pepe hakifanyi kazi peke yake. Huita programu ya nje, na katika mstari wa amri huipa vigezo: anwani ya mpelekaji, anwani ya mpokeaji, pengine na kichwa cha habari cha barua. Mstari huo una sarufi yake. Neno la kwanza ni amri, mfano wa kitenzi. Yafuatayo ni vijalizo, na mipaka yao ni nafasi tupu. Kwa sheli, yaani programu inayoufasiri mstari huo, ritifaa si sehemu ya neno bali ni alama ya kufungua na kufunga nukuu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoguswa. Katika tahajia sanifu, ritifaa ya ng' si pambo. Huitofautisha nazali ya kaakaa laini na nazali hiyo inapofuatwa na kipasuo ghuna. Bila yake, ng'oa na ngoa huwa neno moja, ingawa la kwanza ni kuchopoa kilichosimikwa na la pili ni uchu au wivu. Katika Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, zipo kata za Ng'uruhe na Ng'ang'ange. Barua yenye kichwa "Maji Ng'uruhe" ikipachikwa kavukavu katika mstari wa amri, nukuu hufunguliwa isifungwe. Sheli hutoa ilani ya kosa na programu ya nje haiendeshwi kabisa. Ya Ng'ang'ange ni mbaya zaidi kwa kuwa haina kelele. Ritifaa zake mbili hufungana, sheli huziondoa, na programu hupokea "Ngangange", ambalo si jina la kata hiyo.

Huenda ikadaiwa kuwa dawa ni kuibadili tahajia, ama kwa kuiacha ritifaa, ama kwa kuazima herufi ŋ ya Luganda. Rai hiyo haikubaliki, kwani kosa halimo katika lugha. Mwaka 2010 ilibainika kuwa spamass-milter, programu inayounganisha seva ya barua na kichujio cha SpamAssassin, ilipoendeshwa kwa chaguo la -x, iliipachika anwani ya mpokeaji ndani ya amri iliyopelekwa kwenye sheli. Mtu wa mbali aliweza kuandika amri zake katika anwani, na seva ikazitekeleza. Chanzo ni kilekile: maneno ya mtu baki yameruhusiwa kuwa sarufi ya mashine. Tiba nayo ni moja. Vigezo vipelekwe kimoja kimoja kama orodha, bila kupitia sheli, au barua nzima imiminwe katika mkondo wa ingizo wa programu hiyo.

Hata hivyo, wanaisimu nao wana deni. Ritifaa ya Kiswahili huchapwa kwa sura zaidi ya moja: iliyonyooka, iliyopinda, na hata ile alama inayoinamia kushoto, iliyo kando ya tarakimu 1 katika baobonye. Mwandishi akitumia hii ya mwisho, sheli hudhani kuwa "ang" ni jina la programu, huitafuta, huikosa, na jina la kata hubaki "Ngange". Ingefaa BAKITA na TATAKI zitaje bayana ni alama ipi iliyo sanifu, na majina ya kata hizi mbili yawemo katika majaribio ya kila kichujio kinachofungwa mkoani Iringa.