Historia Haipimwi kwa Mizani ya Chuma Chakavu

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 2009 Marekani iliupuuza wasia huo. Serikali ilitenga dola bilioni 3 ili wenye magari yanywayo mafuta mno wayasalimishe, wapunguziwe bei ya magari mapya. Nia ilikuwa njema: kufufua viwanda na kupunguza moshi. Hata hivyo, sheria iliamuru kila injini itiwe kemikali ya kuigandisha, kisha gari lipondwe. Magari yapatayo 677,000 yaliangamia, yakiwamo ya aina adimu.

Ajabu ni kwamba magari yaliyotimiza miaka 25 hayakuguswa. Waliotunga sheria walisahau kuwa hakuna chombo kinachofikia hadhi ya kuitwa cha kale bila kwanza kupitia miaka ya kudharauliwa kama kikuukuu.

Hapa kwetu, magarimoshi ya mvuke yaliyomo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yalisalimika kwa kuwa kuna walioamua kuyahifadhi badala ya kuyauza kwa uzani. Je, nani atayanusuru magari yetu? Mwalimu atafundishaje historia ya ufundi ilhali ushahidi wake umeyeyushwa tanuruni ukawa nondo?