Habari za mtandaoni zilipiwe, za usalama ziachwe wazi

Kwa mwananchi wa Bukirasazi anayefuata mchele au unga Kobero, habari ni sehemu ya mtaji. Kabla ya kupanda gari na kupita Gitega, Karusi na Muyinga, anataka kujua kama mpaka unapitika, shilingi ya Tanzania inabadilishwa kwa faranga ngapi, na bei za upande wa Kabanga zikoje. Siku hizi anayatafuta hayo kwenye simu yake.

Ndiyo maana swali la iwapo msomaji alipie habari za mtandaoni si la watu wa Bujumbura na Nairobi peke yao. Linamgusa mchuuzi huyu. Linawagusa pia ndugu zetu waliorejea kutoka kambi za Nyarugusu, Nduta na ile ya Mtendeli iliyofungwa mwaka 2021. Hao wanaanza maisha upya, na kila faranga waliyo nayo ina kazi yake.

Wapo wanaosema habari za mtandaoni ni bure na zibaki hivyo. Tunaheshimu maoni yao, lakini ukweli ni kwamba msomaji tayari analipa. Kila anaponunua mega, fedha zake zinakwenda kwa kampuni ya simu. Mwandishi aliyeamka alfajiri kwenda Kobero kuuliza bei hapati hata senti moja. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Aidha, kila kinachoitwa bure kina mtu anayekigharamia, na siku akiamua kuacha, kinakatika. Machi 2025, serikali ya Marekani ilipowasimamisha kazi watumishi wa Sauti ya Amerika, matangazo yalinyamaza ghafla, yakiwamo ya Kiswahili na ya Kirundi na Kinyarwanda. Wasikilizaji hawakuulizwa, kwa sababu si wao waliokuwa wakilipa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Pengo la namna hiyo hujazwa na ujumbe wa WhatsApp usio na mwenyewe. Ukisema mpaka umefungwa, mchuuzi anauza mzigo wake kwa hasara njiani. Ukisema kuna orodha ya msaada inayoingiwa kwa kutoa fedha kidogo, aliyerejea jana anatoa akiba yake. Uvumi hauna bei, lakini hasara yake inalipwa na aliyeuamini.

Hata hivyo, hatuungi mkono kila aina ya malipo. Julai 2018, Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao mingine. Wengi waliikwepa kwa kutumia VPN. Mwaka 2021 tozo hiyo iliondolewa na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Hiyo ilikuwa kodi ya kupita mlangoni, wala haikumfikia aliyeandika. Tunachokitetea sisi ni malipo yanayomfikia aliyeifanya kazi.

Mwaka huohuo wa 2021, Nation Media Group ya Kenya ilianza kuwatoza wasomaji wa tovuti yake ya Nation.Africa. Huo ni mfano wa kujifunza, si wa kunakili wote. Mchuuzi wa mpakani hana mshahara wa mwisho wa mwezi. Leo anapata, kesho anakosa.

Hivyo basi, rai yetu ni hii. Kwanza, malipo yawe madogo na ya siku, kwa mfano faranga 100 kwa siku ya soko, yakilipwa kwa Lumicash au EcoCash bila masharti ya mkataba. Pili, habari za kufungwa kwa mipaka, magonjwa ya mlipuko, taratibu za kurejea nyumbani na haki ya waliorejea juu ya mashamba yao zisifungiwe na mtu yeyote. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, habari hiyo ilikuwa haki ya kila msafiri, awe na faranga au asiwe nayo. Tatu, kampuni za simu zikae na vyombo vya habari, ili sehemu ya fedha za mega iwafikie wanaoandika.

Tunajua tutaambiwa kwamba kila mwamba ngozi huvutia kwake. Ni kweli, gazeti hili nalo linaishi kwa wasomaji wake. Kwa sababu hiyo hiyo, anayelipa awe na haki ya kudai. Akilipia bei za Kobero akakuta ni za wiki iliyopita, arudishiwe fedha zake, na sisi tujilaumu wenyewe.