Barua Pepe za Kughushi: Mihuri ya Njiani Inasema Nini?

Na Mwandishi Wetu

Kila zinapotangazwa nafasi za kazi katika utumishi wa umma, huibuka pia barua pepe za matapeli zenye majina ya taasisi za Serikali, zikimtaka mwombaji atume fedha. Taasisi husika hukanusha, na wananchi huaswa kuwa makini. Kinachoelezwa kwa nadra ni kwamba barua pepe yenyewe hubeba kumbukumbu ya ilikopitia.

Kanuni za usafirishaji wa barua pepe alizoziandika Jon Postel mwaka 1982 ziliitaka kila seva inayopokea ujumbe kuongeza mstari mwanzoni mwake, unaoanza kwa neno “Received”. Mstari huo hutaja seva iliyotuma, seva iliyopokea, tarehe na saa. Kanuni zilizochapishwa mwaka 2008 zinakataza seva kubadili au kufuta mistari iliyoikuta. Aliyewahi kufanya kazi masijala ataelewa upesi: ni mihuri ya mapokezi, ila mhuri mpya hugongwa juu ya ule wa zamani, hivyo safari husomwa kutoka chini kwenda juu.

Ugumu upo katika utambulisho. Seva inayotuma hujitaja yenyewe, na inaweza kujiita jina lolote, hata la wizara. Hata hivyo, seva inayopokea kwa kawaida huandika pia anwani ya IP ambako muunganisho umetokea, na hiyo haitegemei maneno ya mtumaji. Jina likidai jambo moja na anwani ikaonesha jingine, hapo pana sababu ya kuuliza.

Aidha, tapeli anaweza kubandika mihuri ya uongo kabla ya kutuma. Kwa mantiki hiyo, mstari wa kuaminika ni ule ulioandikwa na seva ya mpokeaji mwenyewe. Ya chini yake ni madai tu. Jina la mtumaji linaloonekana kwenye simu ni dhaifu zaidi, kwani halina tofauti na anwani iliyoandikwa kwa mkono nyuma ya bahasha.

Ndiyo maana ushauri uliozoeleka wa kutazama kama anwani inaishia na .go.tz, ingawa ni mzuri, haujitoshelezi. Kikoa hicho hakitolewi kwa mtu binafsi, lakini jina lake linaweza kuandikwa na yeyote iwapo taasisi haijatangaza seva zinazoruhusiwa kutuma kwa niaba yake. Teknolojia za SPF, DKIM na DMARC zipo kwa kazi hiyo, na wajibu wa kuziweka ni wa taasisi, si wa mwananchi.

Suala hili lina uzito pia mahakamani. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinataka, katika kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, izingatiwe jinsi ujumbe ulivyotengenezwa, kuhifadhiwa na kuwasilishwa, na jinsi mwanzilishi wake alivyotambuliwa. Picha ya skrini haina mistari hiyo. Ujumbe uliosambazwa kwa mwingine kwa njia ya kawaida nao hubeba mihuri ya safari mpya, ya aliyeusambaza, badala ya ile ya tapeli. Anayekusudia kutoa taarifa Polisi asiufute ujumbe wa awali katika kisanduku chake, bali aupakue kama faili kamili pamoja na mistari yake yote.