Kipepeo wa Kinamasi

Zamani katika nchi ya baridi ya Uingereza alikuwako kipepeo mwenye mabawa ya rangi ya shaba. Viwavi wake walikula majani ya mmea wa kinamasi. Watu walipochimba mifereji ili wapate mashamba, kinamasi kikakauka, na katika karne ya 19 kipepeo yule akatoweka. Mwaka 1927 waliletwa ndugu zake kutoka Uholanzi, lakini hao nao hawakudumu.

Habari hii yawafaa watu wa Bariadi. Wako wasemao kwamba kila kiwavi ni adui wa pamba, na majani ya kando ya mto ni pori tupu. Sivyo. Kiwavi atoboaye vitumba vya pamba ni mtoto wa nondo arukaye usiku, wala si wa kipepeo wa mchana.

Mtu atauliza, "Je, kipepeo huwalisha watoto?" La, lakini majani yamlishayo ndiyo yazuiayo udongo usichukuliwe na Mto Simiyu mpaka Ziwa Victoria. Sheria ya mwaka 2004 yalinda mita 60 za ukingo wa mto. Basi mkulima na alime, ila ukingo auache. Majuto ni mjukuu.