Wifi Asiyetulia Nyumbani

Tunaandika kutoka hapa Kipili, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya mgeni aliyeingia katika nyumba zetu nyingi bila kupiga hodi. Mgeni huyo ni mtandao wa intaneti usiotumia waya, ambao jina lake huandikwa Wi-Fi. Akina mama wengi wakiliona jina hilo hulisoma "wifi", na kicheko hufuata. Mawifi watusamehe, lakini kufanana kidogo kupo: akichangamka nyumba nzima inachangamka, na akinuna hakuna linalokwenda.

Zamani jambo hili lilikuwa la maofisini. Siku hizi limeingia mpaka jikoni. Mtoto akimaliza kidato cha sita, matokeo ya Baraza la Mitihani anayasoma kwenye intaneti. Maombi ya chuo kikuu anayafanya huko huko, na ya mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu pia ni huko huko. Dirisha la maombi lina siku yake ya kufungwa, nayo ni ile ile kwa aliye Dar es Salaam na kwa aliye huku mwambao wa Nkasi. Mtandao ukikatika katika usiku wa mwisho, kinachoyumba ni masomo ya mtoto.

Tena mtandao ukikatika, nyumbani huanza kutafutwa mwenye makosa. Baba anasema watoto wamemaliza bando kwa kutazama video. Watoto wanasema laptopu imezeeka. Mama anasema kampuni ya simu inatuibia. Kisha fedha zinaanza kutoka: bando jipya, fundi, pengine hata kompyuta nyingine, na bado hakuna anayejua kilichoharibika. Neno letu la mwezi huu ni moja tu: tujue kwanza palipokatika, ndipo tutoe fedha, na ndipo tulaumu kama bado iko haja ya kulaumu.

SAFARI YENYE SEHEMU NNE

Nyumba nyingi za huku hazina ruta. Simu ya mkononi ndiyo hufanya kazi hiyo: inapokea intaneti kutoka mnarani, kisha inaigawia laptopu kwa njia ya hotspoti. Kwa hiyo intaneti ina safari yenye sehemu nne:

1. Ndani ya laptopu yenyewe.
2. Kati ya laptopu na simu (au ruta kwa walio nayo), humo humo nyumbani.
3. Kati ya simu na mnara.
4. Kati ya mnara na dunia nzima.

Wi-Fi ni ile sehemu ya pili peke yake. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Tukiona alama ya Wi-Fi imejaa kwenye laptopu, tunadhani intaneti ipo. Alama hiyo inatuambia tu kwamba laptopu inaisikia simu vizuri. Ikiwa simu haisikii mnara, ni sawa na kwenda kukopa unga kwa jirani mkarimu ambaye naye debe lake ni tupu.

VIPIMO VITATU VYA DAKIKA KUMI

Kwanza, pima simu. Fungua katika simu hiyo hiyo ukurasa ambao hujaufungua siku za karibuni, maana wa zamani huweza kuonekana kwa kuwa ulihifadhiwa. Ukifunguka upesi, sehemu ya tatu na ya nne ni nzima, na kosa liko ndani ya nyumba. Usipofunguka, iacheni laptopu, haina kosa. Tazameni salio la bando, kisha mtandao wa simu.

Pili, tumia waya. Unganisha simu na laptopu kwa waya wa kuchajia, kisha katika mipangilio ya simu uchague kugawa intaneti kwa njia ya USB. Waya uwe ule unaoweza kupitisha picha na mafaili, kwa maana baadhi ya waya za bei rahisi hupitisha umeme tu. Intaneti ikienda vizuri kwa waya lakini hewani inakatikakatika, mgonjwa ni Wi-Fi. Ikigoma hata kwa waya, na simu yenyewe inafungua kurasa, mara nyingi ugonjwa umo ndani ya laptopu.

Tatu, leta kifaa kingine. Unganisha simu ya mtu mwingine kwenye hotspoti ile ile. Ikipata intaneti bila shida, mashaka yanabaki kwa laptopu.

Vipimo hivi havihitaji fundi wala senti moja, ila kiasi kidogo cha bando. Sasa tuangalie tiba.

SIMU ISIPOSIKIA MNARA

Mawimbi ya simu husafiri karibu kama mwanga, kwa kunyooka. Sisi wa Kipili tunalielewa hili kwa kuwatazama wavuvi wa dagaa. Usiku wakiwasha taa zao ziwani, aliye ufukweni huziona mpaka mbali sana, lakini aliye nyuma ya kilima haoni hata moja. Ziwa letu liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga iko juu ya uwanda wa Ufipa, zaidi ya mita 1,700. Katikati yetu umesimama ukingo wa milima. Mnara ulio nyuma ya ukingo huo hautufai kitu, hata uwe na nguvu namna gani. Tunategemea ule unaotuona.

Kwa hiyo usiiweke simu ya hotspoti mfukoni au chini ya mto. Iweke dirishani, upande wa mnara, mahali pa juu. Bati huyarudisha mawimbi, na ukuta mnene wa matofali huyapunguza. Uzuri wa Wi-Fi ni huu: simu inaweza kukaa dirishani penye mtandao, na mtoto akaandika mezani ndani ya chumba.

Saa nazo zina maana. Mnara mmoja hugawana watumiaji wake wote, na jioni watu wengi huwa wamerudi nyumbani na simu zao mkononi. Fomu inayogoma saa mbili usiku huweza kwenda vizuri saa kumi na moja alfajiri.

Wenzetu walio karibu na mpaka wa Zambia, na wanaosafiri ziwani kuelekea upande wa Kongo, watazame pia jina la mtandao linaloonekana kwenye simu. Simu huweza kushika mnara wa nchi ya pili. Hapo bando la nyumbani hukataa, au unatozwa gharama za ugenini. Zima ruhusa ya kutumia data ugenini, na uchague mtandao wako mwenyewe kwa mkono.

Ziko siku ambazo kosa liko mbali kabisa nasi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Siku kama hiyo hata ukibadili simu tatu hupati kitu. Dalili yake ni kwamba majirani wote wanalia kilio kimoja. Zima, pumzisha bando, subiri.

WI-FI IKIWA NDIYO MGONJWA

Simu nyingi huizima hotspoti zenyewe zikiona hakuna anayeitumia kwa dakika chache, au zikiwa katika hali ya kuokoa betri. Ondoa mipangilio hiyo, na uiweke simu kwenye chaji wakati wa kazi. Ikipata joto sana, ipumzishe, usiifunike kwa kitambaa.

Simu za sasa huweza kugawa Wi-Fi kwa mawimbi ya aina mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Haya ya 5 yana mwendo wa haraka lakini hayapendi kuta, na laptopu nyingi za zamani hayayaoni kabisa. Kama laptopu haioni hotspoti, au inaipoteza ukihama chumba, chagua 2.4 katika mipangilio ya hotspoti. Angalia pia kilicho katikati: kabati la chuma na pipa la maji huzuia mawimbi.

Mwisho, iambie laptopu iusahau mtandao huo, kisha uunganishe upya na kuandika neno la siri kwa uangalifu. Neno hilo likibadilishwa kwenye simu, laptopu huendelea kung'ang'ania lile la zamani.

LAPTOPU IKIWA NDIYO MGONJWA

Anza na lililo dogo. Laptopu nyingi zina kitufe chenye alama ya ndege au ya mawimbi, ambacho mtoto mdogo akikigusa Wi-Fi huzimika. Kibonyeze tena. Kisha izime laptopu na kuiwasha upya.

Ikiwa inakatika kila baada ya dakika kadhaa, huenda laptopu inakizima kifaa chake cha Wi-Fi ili kuokoa umeme. Katika Windows, fungua Device Manager, tafuta kifaa cha Wi-Fi kati ya vifaa vya mtandao, na katika sehemu ya umeme, kama ipo, uondoe alama ya ruhusa ya kukizima.

Jambo la tatu linamaliza fedha kimya kimya. Windows ikiona Wi-Fi, huchukulia kwamba ni intaneti isiyo na kipimo, nayo huanza kupakua masasisho yake makubwa. Bando la wiki huweza kuisha kwa jioni moja, na watoto wakasingiziwa video. Katika mipangilio ya mtandao huo, iambie laptopu kwamba huu ni mtandao wa kupimwa, nayo itajizuia.

La nne ni saa na tarehe. Kurasa za benki, za vyuo na za serikali zina vyeti vya usalama, na vyeti hivyo vina tarehe za kuanza na kuisha. Laptopu iliyokaa muda mrefu bila umeme, au ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, huweza kurudi nyuma miaka mingi. Ikiamini kwamba ni mwaka 2012, huviona vyeti vyote kuwa batili na kukataa kufungua kurasa, ingawa mtandao ni mzima.

Tunalisema hili kwa uchungu. Kikundi kimoja cha akina mama wa kuweka na kukopa kilikuwa na laptopu iliyogoma kwa namna hiyo. Ilipelekwa kwa fundi, naye hakuuliza maswali mengi: alifuta kila kitu na kuweka programu upya. Hesabu za hisa na mikopo ya wanachama zikapotea pamoja. Ilichukua majuma mengi kukaa na daftari za mkono na kumbukumbu za watu, na maneno mabaya yalisemwa kati ya marafiki wa siku nyingi. Laptopu iliporudi, tarehe ilikuwa bado ni ile ya zamani, na kurasa bado ziligoma. Binti mmoja wa sekondari akairekebisha tarehe, na zikafunguka. Basi, kabla ya kumpa fundi ruhusa ya kufuta, tazameni tarehe kwenye kona ya kioo, na mtoe nakala ya mafaili yote.

KWA MAMA MWENYE MTOTO ANAYEOMBA CHUO

Asiandike maelezo marefu moja kwa moja kwenye fomu ya mtandaoni. Ayaandike pembeni, ayahifadhi, kisha ayanakili. Vyeti vipigwe picha na kuhifadhiwa mapema katika laptopu. Fomu itumwe siku nyingi kabla ya mwisho, na uthibitisho wa kupokelewa uhifadhiwe. Mtandao wetu huyumba, nasi tunajua unayumba. Siku za akiba ndizo dawa kuliko bando kubwa.

Na jioni ile utakaposikia sauti zinapanda sebuleni, mama mwenzetu, usiulize nani kafanya nini. Uliza: simu yenyewe inafungua? Swali hilo moja huwatoa wote kwenye ugomvi na kuwatia kwenye kazi.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kutunza nakala za hesabu za kikundi, ili hata kompyuta ikifa, jasho la akina mama lisipotee nayo. Kwa herini.